Maswali na majibu: Grisi si ya kupaka kila penye mkwamo

Bilula ya bureti yetu ya kioo (mrija wenye alama za kupimia kimiminika) imeganda. Ndani tuliacha hidroksidi ya sodiamu tangu wiki iliyopita. Tufanyeje? – Mwalimu, Tabora

Tangu wiki iliyopita! Basi jibu unalo. Hidroksidi ya sodiamu hula kioo polepole, na huanza na ule uso uliokwaruzwa ambamo kizibo cha bilula hukaa. Tena hewa huigeuza kuwa kabonati, na chembe zake hujaza mwanya uliobaki.

Mwaga, suuza, kisha laza bilula usiku kucha kwenye asidi ya hidrokloriki nyepesi, moli 1 kwa lita. Asubuhi mwagia sehemu ya nje maji ya nyuzi 60 hivi ili itanuke kabla ya kizibo kupata joto, halafu gonga ncha nyembamba ya kizibo kwa kipande cha mti, taratibu. Koleo isiguse kioo. Ikigoma, nunua nyingine. Ni nafuu kuliko kushonwa kiganja.

Ikifunguka, futa grisi ya zamani yote, kausha pande zote mbili, na upake vaselini mistari miwili myembamba: mmoja upande mnene wa kizibo, mwingine upande mwembamba, mbali na tundu. Ingiza, zungusha mpaka kioo kilichokuwa cheupe kionekane angavu pande zote. Pakibaki michirizi myeupe, grisi ni chache. Ikijitokeza tunduni, umezidisha, na itaziba ncha katikati ya titresheni, yaani ukiwa unadondosha kimiminika na kukipima. Usitumie grisi ya silikoni kwenye bureti. Hutambaa juu ya kioo, kioo kikaanza kukataa maji, matone yakabaki yamening'inia ukutani na usomaji wako ukawa wa uongo.

Dawa ya kudumu kwa shule ni bilula ya tefloni. Haitaki grisi kabisa. Ila nati yake usiikaze kwa nguvu, maana tefloni hubonyea na hairudi. Na ukiihifadhi, ilegeze.

Vaselini inafaa kwenye viungo vya mtambo wa kukenekea (kuchemsha kimiminika na kupoza mvuke wake)?

Hapana. Huyeyuka, hutiririka, na huishia kwenye kile unachokikeneka. Kwenye kifuniko cha desiketa, kile chombo cha kukaushia vitu, sawa.

Naingizaje thamometa kwenye kizibo cha mpira bila kuivunja?

Swali hili hurudi kila muhula, na kila muhula kuna mkono unaofungwa bendeji. Kioo kinachovunjika wakati wa kusukuma huingia moja kwa moja kiganjani, kwa sababu nguvu yote ilikuwa inaelekea huko.

Lowesha tundu na kioo kwa glisirini, au maji ya sabuni kama glisirini haipo. Funga mikono yote miwili kwa kitambaa kinene. Shika kioo sentimita mbili au tatu tu kutoka kwenye kizibo, kamwe usikishike kule mwisho, kisha zungusha huku ukisukuma kidogo. Kama ni mrija, kingo zake ziwe zimelainishwa motoni kwanza. Mafuta ya kula usitumie, yanaharibu mpira na kuuacha unanata. Kutoa ni hatari kuliko kuingiza. Thamometa iliyogandamana, kata kizibo kwa wembe.

Regulata ya mtungi wa oksijeni ni ngumu kufungua. Naweka grisi gani?

Hakuna. Grisi au mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kuwaka yenyewe. Ipeleke kwa fundi wa regulata, na wewe nawa mikono kabla ya kuigusa.

Nimesikia viwandani chuma hulainishwa kwa kioo. Je, ni kweli, na naweza kusaga chupa nikatumia karakana kwangu? – Fundi, Thika

Ni kweli. Njia hiyo inaitwa Ugine-Séjournet, kwa jina la Mfaransa Jacques Séjournet, na ilianzia Ufaransa miaka ya 1940. Ukitaka kutengeneza bomba la chuma cha pua kwa kusukuma gogo la chuma lililopashwa moto lipite tundu la kalibu, gogo huwa na nyuzi 1,100 hadi 1,250 hivi. Mafuta huungua, grafiti huingiza kaboni kwenye chuma, na kalibu huliwa upesi.

Kwa hiyo gogo likitoka tanuruni hubiringishwa juu ya unga wa kioo, na mbele ya kalibu huwekwa kisahani cha unga huohuo ulioshikizwa kwa silikati ya sodiamu. Kisahani hakiyeyuki chote kwa mara moja. Uso unaogusana na chuma ndio unaoyeyuka, na huo hubebwa na chuma kama utando mwembamba, kadiri ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Kioo pia hupitisha joto kwa shida, hivyo kalibu hupumua. Mnato ndio siri: kwa joto la kazi kioo kiwe kizito kama asali au zaidi, kisiwe maji. Ndiyo maana kioo huchaguliwa kwa kufuata joto la gogo. Mwendo nao uwe wa haraka, kazi iishe kwa sekunde chache. Ukichelewa gogo linapoa na kisahani kinaisha.

Sasa wewe na chupa zako: usihangaike. Bila presi kubwa yenye mwendo huo hupati utando, unapata vigae vilivyozama kwenye chuma na vumbi la kioo mapafuni. Na kukiondoa kioo baadaye ni kazi nyingine. Viwanda hupuliza chembe za chuma au hutumia asidi ya hidrofloriki, ambayo inaweza kukuunguza mpaka mfupani huku mwanzoni usihisi kitu. Pasipo na jeli ya kalsiamu glukoneti pembeni, asidi hiyo isiingie langoni.

Kuvuta waya wa chuma: oili chafu ya injini inatosha?

Haitoshi, waya utakwaruzika na kalibu itachakaa. Safisha kutu, chovya waya kwenye maji ya chokaa au boraksi, ukauke kabisa, kisha uupitishe kwenye kisanduku cha unga mkavu wa sabuni ya stearati kabla tu ya kalibu. Ile chokaa ndiyo inayoshika sabuni. Na unga wa kufulia si sabuni hiyo. Una chumvi, utakupa kutu.