Trekta la babu lisiuzwe kwa kilo

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Marehemu babu katuachia Massey Ferguson 135, limesimama chini ya mwembe tangu niko shule. Mnunuzi wa chuma chakavu kesha kuja mara mbili. Spea nasikia hazipo. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo mtu asirudi.

Langu nililitoa shamba la zamani la mkonge upande wa Korogwe, magugu yamepita hadi kwenye usukani. Ndugu zangu walinuna. Dalali mmoja akaliita jeneza, tena mbele ya wakwe zangu, na neno lile bado linaniuma. Msimu uliopita limelima kwangu na kwa majirani wote wa bondeni, na dalali yuleyule kaja kuniuliza bei. Sikumtajia.

Hizo habari za spea kutokuwepo hata mimi niliambiwa, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na muuza duka ambaye hata hakuinuka kitini. Si kweli. Trekta hilo lilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na ukilitaja kwa jina mwenye duka anawaza uzee wa trekta tu. Wewe taja injini. Ni Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5, na ndiyo iliyofungwa kwenye Massey Ferguson 240 ambalo Pakistan wameliunda miaka na miaka baada ya Waingereza kuacha. Pistoni, ringi, gasketi, filta, vyote vinakuja. Nilipokwenda duka la pili na namba ya injini mkononi, nilihudumiwa kama mteja mwingine yeyote. Namba hiyo imegongwa kwenye bloku. Isugue kwa brashi ya waya, uiandike, uende nayo, maana matoleo yanatofautiana.

Beringi nayo ina namba yake ubavuni, muuzaji hana haja ya kujua imetoka kwenye trekta au kwenye mashine ya kusaga. Sili za oili pima kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kisichopatikana kabisa, kama bushi za mbele, kinakerezwa, na mafundi wa kukereza Tanga tunao. Ndiyo maana nasema kila siku: kilichovunjika usikitupe! Fundi anakereza kwa kukiangalia kile cha zamani.

Spana tafuta za inchi. Vijana wa gereji watakuletea ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, wataizungusha mpaka pembe ziishe, kisha waseme trekta bovu.

Injini iliyoganda isivutwe na gari ili iwake. Toa nozeli zinazopuliza dizeli, mimina oili iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, iache inywe siku kadhaa, ndipo uizungushe kwa mkono. Pampu ya dizeli usikubali ifunguliwe mchangani; ipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Tangi lioshe, hewa yetu ya chumvi hailiachi salama.

Wana Tanga wenzangu, tunakodi matrekta ya watu kila masika, tunapanga foleni hadi mvua inatupita, na huku chuma kizima tunakipakia lori kwenda kuyeyushwa. Inanikera, na nitaendelea kusema. Anayekwambia kitu cha mzee wako hakifai, muulize kwanza yeye anakitakia nini.

Siku ya kuliwasha, watu wote watatazama moshi. Wewe tazama geji ya oili. Sindano isipopanda baada ya sekunde chache, zima, ufungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, usafishe chujio la pampu ya oili kabla hujajaribu tena.