Maswali ya Wasomaji: Simu Moja kwa Kazi Zote?

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu, napeleka wageni hadi Kiwayu, siku tatu kwenda na kurudi. Simu yangu ndiyo ramani, ndiyo kamera, ndiyo tochi, ndiyo muziki. Betri yake ni ya mAh 5,000. Nilinunua pawabenki ya mAh 10,000 nikaambiwa itaijaza mara mbili, lakini siku ya pili jioni zote huwa zimezima. Ninunue ile ya 50,000 inayouzwa rahisi, au nirudie vifaa vya kazi mojamoja?
*Nahodha, Lamu*

Jibu: Waalaikum salaam, nahodha. Pawabenki yako ni nzima, hesabu ndiyo uliyopewa vibaya. Hizo 10,000 zimepimwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, yaani wati-saa 37 (zidisha mAh kwa volti, ugawe kwa 1,000). Zikipandishwa hadi volti 5 za USB, kama asilimia 15 huishia kwenye joto, zikabaki wati-saa 31 hivi, na simu nayo hupoteza kidogo inapopokea. Betri yako ni wati-saa 19. Basi unajaza mara moja na nusu, si mbili. Pawabenki nyingi huwa na namba ya pili kwa maandishi madogo mgongoni, 6,000 na kitu, iliyopimwa kwa zile volti 5. Hiyo ndiyo ya kuamini.

Ile ya 50,000 iombe uipime kwenye mizani ya duka kabla ya kutoa pesa. Betri moja ya mviringo ya aina ya 18650 ina mAh 2,500 hadi 3,500, na uzito wake ni kama gramu 45 hadi 48. Kufikisha 50,000 za kweli zinatakiwa betri zisizopungua 15, gramu 675 na zaidi kabla ya kuongeza kasha. Ikiwa yote kwa jumla ni gramu 300, haina zaidi ya 20,000 hata muuzaji ale yamini.

Sasa chaji inakwenda wapi? Kwanza kioo. Ukiacha ramani wazi juani, kioo kikiwa na mwanga wote, simu hula wati 2 hadi 3, na wati-saa 19 zinakwisha kwa saa sita mpaka tisa. Pili, mtandao. Mlingoti wa simu ukiwa mbali, simu huongeza nguvu ya kurusha na kutafuta bila kupumzika. Kwa hiyo pakua ramani ya eneo lote ukiwa bado mjini, washa hali ya ndege, kisha fungua ramani na usubiri ikuonyeshe ulipo kabla ya kung'oa nanga. GPS husoma setilaiti moja kwa moja, haihitaji bando. Bila intaneti tu inaweza kuchukua dakika chache mara ya kwanza. Baadaye zima kioo, uwashe unapotaka kuhakikisha.

Juu ya vifaa vya kazi mojamoja, rai yetu ni viwili kwanza. Cha kwanza ni tochi ya kichwani yenye taa nyekundu. Ukipita usiku kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, unataka mikono yote miwili, na taa nyeupe ya simu inakuua macho: yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza tena. Cha pili ni simu ya kabambe, mulika mwizi ya kawaida, ikae na laini yako nyingine ndani ya mfuko usiopitisha maji. Betri yake ya mAh 1,000 hukaa siku kadhaa ikiwa huongei sana, na pawabenki yako ingeijaza kama mara saba. Betri moja ikibeba taa, njia na sauti ya kuitia msaada, vyote huzima dakika moja, na hilo ndilo la kuogopa baharini kuliko uchache wa mAh.

GPS ya mkononi ni ya anayetoka nje ya mwamba. Ina vitufe, na kidole chenye maji ya chumvi huvibonyeza bila shida, wakati kioo cha simu hucheza chenyewe. Hutumia mawe mawili ya AA kwa saa 20 hivi. Ukitia mawe ya kuchaji, ambayo ni ya volti 1.2, chagua aina hiyo kwenye mipangilio, la sivyo itakuonyesha yamekwisha mapema. Na ukiwa huko nje, redio ya baharini ya VHF, kwenye chaneli namba 16 ya kuitia msaada, hufanya kazi ambayo simu haiwezi kamwe.

Pawabenki yenyewe usiianike juani ikichaji. Ikipita nyuzi 45 inajiharibu. Ukiona imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa. Iweke kwenye ndoo ya mchanga, nje.

Swali: Tochi yangu mpya ina mdomo wa taipu-C lakini haikubali chaja ya simu yangu. Ni mbovu?
*Mama wa Shela*

Jibu: Hapana, mama. Waya wenye taipu-C pande zote mbili hautoi umeme mpaka chaja ihisi rizista mbili ndogo (vizuizi vya umeme) za kilo-omu 5.1 ndani ya kifaa, na watengenezaji wa tochi za bei ya chini huziacha. Tumia waya wenye USB pana upande wa chaja. Ikiwa unachajia pawabenki nayo inazima baada ya nusu dakika, ni kwa kuwa tochi inavuta umeme mdogo mno. Kwa baadhi ya pawabenki, kubonyeza kitufe mara mbili huiwacha wazi.

Swali: Mdomo wa chaji umeota ukijani na simu inasema kuna unyevu. Niitie kwenye mchele?
*Mvuvi, Matondoni*

Jibu: Usiitie. Mchele hautoi chumvi, na vumbi lake huingia mdomoni. Ule ukijani ni shaba inayoliwa, na hula haraka zaidi ukichomeka waya ikiwa bado mbichi. Zima simu. Chovya kijiti cha meno cha mbao kwenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, sugua kidogo kidogo ule ulimi wa katikati bila kuupinda, kisha ielekeze mdomo chini mbele ya feni usiku kucha. Hata simu ya IP68, yaani iliyopimwa kuwa haiingizi maji, ikianguka baharini isuuze papo hapo kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi.

Swali: Naruka kutoka Manda na pawabenki ya 30,000. Itapita?
*Mwanafunzi, Lamu*

Jibu: Ni wati-saa 111. Mpaka 100 hupita bila kuuliza. Kati ya 100 na 160 uombe idhini ya shirika la ndege mapema. Iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku. Na maandishi ya mgongoni yakiwa yamefutika, mkaguzi hana njia ya kujua ukubwa wake, anaweza kuizuia.