Jibu: "abhor" kwenye tangazo la duka

Dada, umeuliza kama waweza kubandika "We abhor credit" (yaani twachukia mno mkopo) pale dukani kwako Marikiti. Sarufi haina kosa, ila neno "abhor" ni zito mno kwa habari ya mkopo wa sukari! Limetoka kwenye Kilatini, abhorrere: ab ni kujitenga na kitu, horrere ni nywele kusimama. Yaani chuki ya kukurudisha nyuma huku mwili wasisimka. Waingereza hulitumia kwa mambo kama ukatili, ubaguzi, dhuluma, tena zaidi kwenye maandishi na hotuba. Hata "hate" (kuchukia) hapo ni kali. Andika "No credit, please", wateja hawatanuna. Na ukilitumia kwingine, angalia tahajia: abhors ina r moja, abhorred na abhorrent mbili.