Kabla hujavaa koti la studio

Nyuma ya mlango wa studio yangu ya picha hapa Mwanga, Kigoma, koti moja jeusi limening'inia kwa miaka 6. Ni la mtu mwenye mwili. Mteja mwembamba nilikuwa nambana kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo. Limevaliwa na walimu, na fundi seremala aliyekuwa anaomba tenda, na nahodha wa boti, na bwana harusi mmoja ambaye habari zake naziacha. Ukipitia picha zangu za zamani utadhani mji mzima umeajiriwa ofisi moja.

Siwalaumu wateja. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia, "Vaa koti, utatoka vizuri." Picha ya kazi, ile unayomtumia mwajiri au mteja, nilikuwa naipiga kama ya pasipoti: pazia la bluu, mabega sawa, usicheke, basi. Kilichonizindua ni mama mmoja muuza mawese. Alikuwa amepata mnunuzi wa Dar es Salaam kwa simu, na mnunuzi akaomba picha yake pamoja na maelezo ya biashara. Nikamvalisha koti, nikapiga. Usiku nikakaa kwenye kompyuta nikamlainisha uso mpaka makunyanzi yakaisha, na rangi nikaing'arisha. Nikajiona fundi. Siku mnunuzi aliposhuka stesheni, picha ikiwa wazi kwenye simu yake, alimpita mama wa watu mara mbili. Jioni mama akaja studio. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi.

"Mwanangu, ile picha ni ya nani?"

Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo kuna mambo nayafanya tofauti, na mengi utayaweza hata kama anayekupiga ni mdogo wako kwa simu.

La kwanza ni mwanga, na hapa Kigoma kuna jambo linalowapiga chenga wapiga picha wageni. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua halina habari na saa. Sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua la Dar linatufikia karibu dakika 40 baadaye. Utosini linafika kama saa saba mchana, si saa sita, na mapema mwezi Machi na mapema Oktoba linasimama wima kabisa juu ya kichwa. Picha ya wakati huo inakupa mashimo meusi mahali pa macho na kivuli cha pua juu ya mdomo. Anayekuambia "njoo saa nane, jua litakuwa limepoa" hajawahi kupiga picha huku. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu.

Jioni kila mtu anataka ziwa lionekane nyuma yake. Tatizo jua linazama huko huko, upande wa milima ya Kongo: ukilitazama unafinya macho, ukilipa mgongo uso unaingia giza. Kwa picha ya wapenzi sawa, kwa ya kazi hapana. Mimi namsimamisha mtu barazani, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje. Mwanga wa hapo ni mpana na mpole. Upande wa shavu lenye giza naweka kiroba cheupe cha unga kilichofumuliwa, maandishi yakiwa nyuma, nacho kinarudisha mwanga usoni. Miembe ya Ujiji? Kwa kupumzika hakuna mfano wake. Kwa picha, mwanga unaochujwa na majani unampaka mtu ukijani mashavuni, akatoka kama aliyeamka na malaria.

Sasa ngozi, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe inataka kila kitu kiwe cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itaogopa weupe wa ukuta, itapunguza mwanga, na uso utabaki giza. Ndipo tunapokimbilia kuung'arisha kwenye kompyuta, na mtu anatoka na rangi ya majivu. Dawa yake iko kabla ya kubonyeza: gusa uso wake kwenye kioo cha simu, pandisha mwanga kidogo, au tafuta ukuta wa kijivu au wa udongo. Ngozi nyeusi ikipata mwanga wa pembeni inajichora yenyewe. Siku hizi chunusi ya wiki hii naifuta, maana itapona. Kovu na makunyanzi siyagusi mpaka mwenyewe aombe, na akiomba namsimulia habari ya mama wa mawese.

Umbali nao. Ukimsogelea mtu kwa simu hadi uso ujae kioo, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma kama mita 2, kisha vuta kwa zumu ya mara mbili. Mwenye kamera na lenzi ya milimita 85, ambayo yenyewe inavuta karibu, ameshalazimika kurudi nyuma, ndiyo maana picha zake za uso zinasifiwa. Acha nafasi kuzunguka kichwa pia, kwa sababu mitandao mingi itaikata picha iwe duara na kilemba chako kitakatwa nacho.

Nguo: vaa unachovaa ukienda kukutana na mteja. Kitenge kilichopigwa pasi kinatosha. Mashati ya mistari myembamba sana yanacheza kwenye picha, na mtandio wa satini unang'aa kuliko uso. Ukiwa umepanda kilima kutoka Kibirizi kwa bodaboda, kaa kwanza dakika 10 mbele ya feni na ujifute vumbi. Mwenye miwani anyanyue kidogo miguu ya miwani juu ya masikio, vioo viiname, mng'ao utaondoka.

Na usijichagulie picha peke yako. Umezoea sura yako ya kwenye kioo, ambayo imegeuzwa kulia kushoto, kwa hiyo picha ya kweli itakuonekania imepinda hata kama ni nzuri. Mama nilimpiga upya bila malipo, safari hii na kitenge chake, madumu nyuma yake. Wakati napiga nilimuuliza dumu la mawese linakwendaje siku hizi, na uso ukaamka wenyewe. Alikuja na mwenzake wa sokoni kuchagua. Mama aliipenda ile anayotabasamu kwa adabu. Mwenzake akaisukuma pembeni, akaweka kidole juu ya nyingine.

"Hii. Hivi ndivyo unavyokuwa ukija kudai deni."

Ndiyo iliyotumwa Dar.