Maswali na majibu: Kabla hujailaumu amplifaya, kagua faili lako

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu jambo moja: programu za kompyuta zinazotengeneza mawimbi ya kujaribia vifaa vya mtandao wa simu. Nimechukua tano.

Shikamoo mwalimu. Nasoma mawasiliano mwaka wa nne, Dar es Salaam. Mradi wangu ni wa 4G, ila kifaa cha redio cha kurushia mawimbi sina uwezo wa kukinunua. Nibadilishe mada?

Marahaba. Usibadilishe. Ipo programu huria ya srsRAN 4G yenye sehemu tatu: srsepc ndio moyo wa mtandao, srsenb ni mnara, srsue ni simu. Kwa kawaida mnara na simu huongea kwa redio, lakini walioiandika waliacha njia nyingine, ZeroMQ. Humo sampuli za mawimbi, yaani namba zinazoeleza wimbi, hupita ndani ya kompyuta hiyohiyo. Katika mfano wa kawaida mnara hutuma kwenye mlango wa 2000 na simu kwenye 2001.

Fungua madirisha matatu ya Linux. Washa moyo, kisha mnara, kisha simu uliyoiwekea chumba chake cha mtandao, ue1. Ukipiga ping (ujumbe mfupi wa kujaribu njia) kutoka ue1 kwenda 172.16.0.1, anwani ya moyo, na jibu likarudi, simu yako imejisajili kwenye 4G na hakuna wimbi lililotoka hewani. Laptopu ikiwa dhaifu usihofu, kwa sababu pande mbili hizo husubiriana. Kazi itakwenda polepole tu. Baada ya hapo weka GNU Radio, programu huria ya kuchakata mawimbi, katikati yao, upunguze nguvu kidogokidogo, uongeze kelele, na uandike simu inakatika wapi. Jedwali hilo ni sura nzima ya matokeo, na umelipata kwa jasho lako mwenyewe.

Mimi ni fundi wa ripita za ndani ya majengo, zile za kuongeza nguvu ya mtandao, Nairobi. Nimetengeneza faili la mawimbi ya LTE, yaani 4G, la megahezi 20, nalizungusha kwenye jenereta ya mawimbi. EVM inarukaruka ovyo, na amplifaya ni mpya. Kosa liko wapi?

Fundi, hili limewahi kunila siku mbili nzima, kwa hiyo nitakaa nalo.

EVM hupima alama zilizopokelewa zimekaa mbali kiasi gani na pale zilipotakiwa kukaa. Kwa vituo vya LTE kikomo hutegemea namna alama zilivyopangwa: asilimia 17.5 kwa QPSK, 12.5 kwa 16QAM, 8 kwa 64QAM na 3.5 kwa 256QAM. Namba ikikaa juu muda wote, mtazame amplifaya. Ikiwa nzuri, ikaruka, ikarudi kuwa nzuri, mimi hufungua faili kwanza.

Hesabu sampuli zake. LTE ya megahezi 20 huchukua sampuli milioni 30.72 kwa sekunde, na fremu moja ni milisekunde 10. Kwa hiyo fremu ni sampuli 307,200 kamili, na faili lako lazima liwe na idadi hiyo au mara mbili, tatu, nne yake. Siku ile mimi nilikuwa nimekata faili kwenye 300,000 kwa sababu ni namba ya mviringo. Kila lilipofika mwisho na kuanza upya, wimbi liliruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine pasipo kuunganika, na fremu ya mwisho ilikuwa pungufu. Kipimo kilipoteza mpangilio, kikautafuta upya, kikaupata, kikaupoteza tena. Kwenye skrini ya masafa, nilipoiacha ishike vilele, mabega ya mawimbi yalipanda pande zote mbili. Nilikuwa tayari nimemwambia mwenye amplifaya kwamba kifaa chake ni kibovu. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na tangu hapo sisemi neno kuhusu kifaa cha mtu kabla sijahesabu sampuli.

Hesabu ikikaa sawa, tazama nguvu. LTE ya megahezi 20 ina mawimbi madogo 1,200, na vilele vyao vikikutana, nguvu hupanda desibeli 10 au zaidi juu ya wastani. Amplifaya inayomudu wati 1 kwenye kilele, ipe wastani wa wati 0.1. Wengi huweka wastani kwenye kikomo, vilele vinakatwa, halafu lawama zinaangukia kifaa.

Mwisho, chagua wimbi linalolingana na kipimo. 3GPP, jumuiya inayoweka viwango vya mitandao ya simu, imeyapanga kwenye hati yake TS 36.141: E-TM1.1 ni la nguvu ya juu na uvujaji kwenye chaneli za jirani, E-TM3.1 ni la EVM ya 64QAM.

Naweza kuwasha kamnara kangu nyumbani kwa antena na nguvu ndogo tu, kwa kujifunza? Nimeweka namba za mtandao wa majaribio, 001 na 01. Mombasa.

Hapana, ndugu yangu. Namba 001-01 zinautambulisha mtandao kuwa wa majaribio, lakini hazikupi haki ya kutumia masafa. Bendi za simu zina wenye leseni, na kurusha humo bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, kama ilivyo Tanzania chini ya TCRA. Linaloniuma zaidi ni jirani. Simu yake ikikaa kwenye mnara wako usio na njia ya kutoka, akapiga 112 usiku mtoto akiwa anaumwa, haifiki popote.

Fanya kazi ndani ya kebo. Redio ya USRP B210 hutoa zaidi ya dBm 10 (dBm ni desibeli ukilinganisha na miliwati moja), na upande wake wa kupokea hauvumilii zaidi ya dBm −15. Pengo ni desibeli 25, kwa hiyo funga kipunguza nguvu cha 30 au 40 kabla ya kuwasha chochote. Simu halisi ambayo huwezi kuifunga kebo, iweke kwenye sanduku la chuma lisilopitisha mawimbi.

WinIQSIM2, programu ya Rohde & Schwarz ya kutengeneza faili za mawimbi, nimeipakua bure, mbona jenereta yetu inakataa kupiga faili? Kampala.

Programu ni ya bure, ruhusa ya kulipiga faili ndiyo inayouzwa, na inawekwa ndani ya mashine yenyewe. Angalia orodha ya leseni kwenye jenereta yenu kabla ya kuhangaika na faili.

RTL-SDR yangu, kile kifaa kidogo cha redio cha USB, inaweza kutuma mawimbi ya 5G?

Haitumi kabisa, inapokea tu. Hata kwa kupokea, ile ya kawaida yenye chipu ya R820T inaishia karibu na megahezi 1,766, haifiki 5G ya gigahezi 3.5. Isitoshe, fungu la mawimbi ambalo mnara wa 5G hujitambulisha kwalo ni pana: megahezi 3.6, au 7.2 vijimawimbi vikiachana kwa kilohezi 30, na kifaa chako kinameza kama 2.4. Lakini 4G ya megahezi 800 kinaiweza, kwa kuwa utambulisho wake umekaa katikati kwenye megahezi 1.08. Ifungue kwa sampuli milioni 1.92 kwa sekunde, na utausoma mnara wa mtaani kwako.