Anko Safari Anajibu: Mwanangu anataka kunipeleka "Ukingo wa Dunia", niende?

SWALI: Asalaam aleykum Anko Safari. Mi ni mama wa miaka 57 naandika toka Ujiji. Inshallah mwezi wa kumi na mbili naenda umra, nikimaliza napitia Riyadh kwa mwanangu wa kwanza, ni dereva kule. Juzi kanitumia video, yuko juu ya jabali limekatika wima kama mkate, kakaa pembeni kabisa miguu inaning'inia, eti mama nitakuleta hapa panaitwa Ukingo wa Dunia. Moyo ulinipasuka. Magoti yangu yenyewe haya, hata kilima cha Bangwe siku hizi naogopa. Niende au nimwambie tukae tu mjini? (Mama Zuhura, Ujiji)

JIBU: Waaleykum salaam mama, shikamoo. Kwanza mwambie huyo kijana avute miguu yake ndani. Yale mawe ni ya chokaa, yanamomonyoka, na hakuna ukuta wala kamba ya kukuzuia, ukiteleza ni karibu mita 300 mpaka chini. Mi nilikaa Riyadh miaka kadhaa kwa kazi hiyohiyo ya usukani na pale nimefika mara tatu, sijawahi kukaa pembeni namna hiyo na picha ninazo nzuri tu.

Ila nenda mama. Kwakweli nenda.

Pale kwa Waarabu panaitwa Jebel Fihrayn, ni kipande cha safu ya Tuwaiq ambayo inatembea kama kilometa 800 katikati ya Saudia. Sisi wa Kigoma tumezoea magenge, ukipanda boti Kibirizi kwenda Gombe unaona milima imesimama juu ya maji, lakini ile yetu ni ardhi ilipasuka ikazama ndo ziwa likajaa humo. Kule ni tofauti, ile nchi zamani ilikuwa chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, matope na makombe yakagandamana yakawa mawe, baadaye mvua na upepo vikala upande wa magharibi ndo ukabaki ukuta. Nilimwona mtu kaokota jiwe lina alama ya kombe kabisa, kule jangwani! Ukisimama juu unaona tambarare mpaka macho yanachoka na mistari ya mito iliyokauka, we mtu wa ziwani utasema maji yamehama jana.

Sasa hofu yako mama umeiweka kwenye jabali, mi ningeiweka kwenye njia. Toka Riyadh ni kama kilometa 90 na kitu, lami inakupeleka sehemu kubwa halafu inaisha, inabaki vumbi na mawe makali kupitia bonde la migunga, hapo gari ndogo usikubali hata kama mwanao anajiita fundi, iwe ya fowili. Mara yangu ya pili tulienda gari moja tukapata pancha, tukafunga spea, mbele kidogo pancha nyingine, na netiweki hakuna kabisa, tulikaa pale tunaangaliana mpaka wakatokea watu na pikniki yao ndo wakatuokoa. Toka siku hiyo msimamo wangu ni magari mawili, spea mbili kila gari, na mtu aliyebaki mjini anajua mmeenda wapi na mnarudi saa ngapi. Mapu waidaunilodi kabla hawajatoka. Gari ikigoma msiiache mkaanza kutembea, kaeni kivulini kwake, gari linaonekana kwa mbali kuliko mtu.

Maji msifanye ubahili, lita tano kila mtu na zaidi, maana huko hamna duka wala bomba, na choo pia hamna mama nakwambia mapema ujipange. Mwezi wa kumi na mbili umechagua vizuri, kiangazi chao joto linapita nyuzi 45, hiyo sio safari ni adhabu. Ila beba sweta, jioni baridi yake inakata, na mkiona wingu zito la mvua ahirisheni, yale makorongo makavu hujaa ghafla.

Kuhusu magoti: gari linasogea mpaka karibu, unabaki mwendo mfupi kwa mguu. Vile vijia vya kupanda kwenye ncha waachie vijana. Vaa raba, kandambili acha nyumbani, kaa na mkeka wako hatua kumi toka ukingoni, mandhari ni ileile. Jua linazama upande huohuo wa ukuta kwahiyo kila mtu anataka kusubiri lizame, na hapo ndo watu wanapokosea, maana geti la bonde lina saa zake za kufungwa jioni na ile njia usiku ni balaa. Mwanao akisema "mama dakika tano tu", we nyanyuka uingie kwenye gari, atafuata.

Halafu "kupitia Riyadh" ulivyoandika, mama, toka Makka ni karibu kilometa 900. Panga tiketi vizuri.

SWALI: Anko hayo ya Saudia sisi wa Kasulu yanatuhusu nini, hapa bongo hamna genge la maana? (Kijana wa Kasulu)

JIBU: We nawe. Nenda Rukwa, mpakani na Zambia, ukaone maporomoko ya Kalambo, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Raba ni zilezile. Na ukingoni usikae.