Maswali na Majibu: Kutoka Kiti cha Rubani Hadi Cheo cha Admirali

Nilipoandika kuhusu John S. Thach, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani aliyebuni mbinu ya kuikabili Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kustaafu mwaka 1967 akiwa admirali wa nyota nne, maswali yalimiminika. Mengine yanamhusu yeye, mengine wenzake. Leo najibu haya.

Rubani kazi yake iko angani. Inakuwaje anakabidhiwa meli nzima?

Kwanza, rubani wa jeshi la majini ni afisa wa majini kabla hajawa rubani. Thach alihitimu chuo cha maafisa wa majini cha Annapolis mwaka 1927, akapelekwa kwenye manowari za mizinga, ndipo akaenda Pensacola, Florida, kujifunza kuruka. Beji ya mabawa, alama ya rubani aliyefuzu, aliivaa mwaka 1930. Bahari aliijua.

Pili, ni sheria. Mwaka 1926 Bunge la Marekani liliamua kuwa meli za kubebea ndege ziongozwe na watu wa anga. Makepteni wenye mvi waliozitaka meli hizo ikabidi warudi darasani. Ernest King alipata mabawa mwaka 1927 akiwa na miaka 48. William Halsey aliahidiwa meli ya Saratoga kwa sharti la kusoma kozi ya mtazamaji, yaani yule anayepanda ndege bila kuiendesha. Yeye akachagua kozi kamili ya urubani, akakaa pamoja na vijana wa umri wa wanawe, na Mei 1935 akafuzu akiwa na miaka 52. Mtu huyo namheshimu sana. Hakutaka kuwaamuru vijana wafanye jambo ambalo mwenyewe hajawahi kulifanya.

Na sheria ile naiona ya haki. Kutua melini ni kulenga kipande cha sitaha kinachopanda na kushuka, ndoana ya mkiani ikamate waya uliotandazwa hapo, la sivyo uongeze moto uruke upya. Anayeamua meli igeuke lini kuufuata upepo lazima awe anajua uamuzi wake una maana gani kwa mtu aliye huko juu na mafuta ya dakika chache.

Ni kweli Thach alibuni mbinu yake kwa njiti za kiberiti?

Ni kweli kabisa. Mwaka 1941 alisoma taarifa ya kijasusi kuhusu Zero: inapanda haraka na inakata kona kuliko ndege yoyote aliyokuwa nayo. Usiku, nyumbani kwake Coronado, California, alizipanga njiti juu ya meza ya jikoni, akazisogeza huku na huku akitafuta namna ndege dhaifu inavyoweza kuishi.

Jibu alilopata ni hili. Ndege mbili, au jozi mbili, zinaruka sambamba huku zimeachana. Kila rubani analinda mkia wa mwenzake, si wake. Adui akija nyuma ya mmoja, wote wawili wanageuka kuelekeana na kupishana. Adui anayemfuata windo lake anajikuta uso kwa uso na bunduki za yule wa pili. Ninachokipenda zaidi ni kwamba haihitaji redio: ukimwona mwenzako anakugeukia ghafla, umeshaambiwa kwamba una mtu mgongoni.

Hakuridhika na njiti. Alipanda angani na ndege nne, injini zake zikiwa zimewekewa kizuizi zisifikie nguvu kamili, halafu akamwambia rubani mwenzake, Edward O'Hare, ashambulie na ndege nne zenye nguvu zote. O'Hare alijaribu kila upande, na kila alipokaribia kulenga alikuta pua ya ndege imemwelekea.

Tarehe 4 Juni 1942, katika mapigano ya Midway, kisiwa cha Pasifiki, Thach aliongoza ndege sita za kivita za Wildcat kuzisindikiza ndege 12 za torpedo, yaani makombora yanayopita majini kuipiga meli, kutoka meli ya Yorktown. Zero ziliwavamia kama nyuki. Mmoja wa wale sita alianguka mwanzoni tu. Mwingine redio yake ilikuwa imekufa, na mbinu hiyo hakuwa amefundishwa. Ikabidi Thach amwambie kijana aliyekuwa ubavuni mwake ajitenge na kucheza nafasi ya jozi ya pili, papo hapo, risasi zikipita. Ikafanya kazi. Thach mwenyewe aliangusha Zero tatu. Lakini mbinu iliwaokoa wasindikizaji, si waliosindikizwa: katika zile 12 za torpedo, hakuna hata moja iliyotua tena melini.

Kama alikuwa hodari hivyo, mbona baada ya Midway aliondolewa vitani?

Ndiyo maana hasa aliondolewa. Marekani iliwarudisha marubani wake bora nyumbani wafundishe. Japani iliwaacha wa kwake mstari wa mbele mpaka wengi wakafa, na ujuzi wao ukazama nao. Ukiniuliza, huo ni mmoja wa uamuzi mkubwa wa vita vya Pasifiki, ingawa hauna picha ya kupendeza.

Na Thach alirudi baharini. Mwaka 1944 alikuwa afisa wa operesheni wa Admirali John S. McCain, ndege za kujitoa mhanga zilipoanza kuzipiga meli. Alipendekeza kinachoitwa Blanketi Kubwa la Buluu: ndege za kivita zikae juu ya viwanja vya adui mchana na usiku, ili adui asipate hata nafasi ya kuruka. Jikoni alisogeza njiti nne. Sasa alikuwa akisogeza mamia ya ndege, na swali lilikuwa lilelile: nani anamlinda nani? Baadaye aliongoza meli ya Sicily katika vita vya Korea, kisha vikosi vya kuwinda nyambizi.

Admirali bado anarusha ndege?

Kwa kawaida hapana. Kadiri vyeo vinavyopanda, ndege inakuwa mbali. Beji ya mabawa lakini haivuliwi.

Siku hizi inachukua muda gani kuongoza meli ya ndege? Wanawake wanafika?

Wanafika. Rosemary Mariner alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza sita kupata mabawa ya jeshi hilo, mwaka 1974, na mwaka 1990 akawa wa kwanza kuongoza kikosi cha ndege. Amy Bauernschmidt, rubani wa helikopta, alihitimu Annapolis mwaka 1994 na kukabidhiwa meli ya Abraham Lincoln mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 27. Katikati kuna shule ya nguvu za nyuklia, kwa sababu meli hizo huendeshwa kwa nyuklia, kuwa msaidizi wa nahodha, na kuongoza kwanza meli nyingine kubwa.

Nilisikia kuna admirali aliyewasha taa za meli zote usiku wa vita. Si ni kuhatarisha maelfu kwa ajili ya wachache?

Huyo ni Marc Mitscher, rubani nambari 33 wa jeshi hilo, mwenye mabawa tangu 1916. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, kofia ya ukingo mrefu kichwani, aliyezoea kukaa kwenye kiti chake akiitazama nyuma ya meli ili upepo usimpige usoni.

Jioni ya tarehe 20 Juni 1944, katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino, alituma zaidi ya ndege 200 dhidi ya meli za Kijapani zilizokuwa mbali mno. Alijua watarudi gizani, matangi yakikaribia kukauka, na wengi hawakuwa na mazoezi ya kutua usiku. Waliporudi aliamuru taa ziwashwe, na mianga mikubwa ielekezwe mbinguni kama nguzo. Nyambizi yoyote ya adui ingeweza kuziona. Marubani wakaambiwa watue popote watakapopata sitaha.

Hatari ilikuwepo, sibishi. Lakini aliyewatuma ni yeye. Takriban ndege 80 zilipotea katika kurudi huko, nyingi zikitumbukia majini kwa kuishiwa mafuta, na siku zilizofuata meli zilizunguka zikiwaokota watu, wengi wao wakiwa hai.

Mitscher mwenyewe aliwahi kusubiri kuokolewa baharini. Mwaka 1919 alikuwa ndani ya ndege ya NC-1 iliyojaribu kuvuka Atlantiki. Ukungu uliwalazimisha kushuka baharini karibu na visiwa vya Azores, mawimbi yakaivunja ndege, wakaketi humo wakisubiri mpaka ikapita meli moja ya Kigiriki ikawachukua.